Flai ya mbawakawa inakusumbua? Iangalie kwanza kutoka chini

Kabla hujauliza gundi gani ni nzuri au uzi wa namba ngapi, chukua glasi ya kawaida ya kunywea maji, ijaze mpaka karibu na ukingo, dondosha ndani flai yako, yaani ile ndoano uliyoivalisha foami, nyuzi na manyoya ifanane na mdudu wa kumdanganya samaki, halafu inyanyue glasi juu ya usawa wa macho uiangalie kwa chini. Mimi nimefunga flai kwa dazeni miaka na miaka na bado nafanya hivyo kila nikiona mbawakawa hajakaa sawa, sababu samaki yuko huko chini, mgongo wa mdudu anayeelea juu yake hauoni, ila sisi tunaofunga tunamaliza saa nzima tukiupamba huo mgongo, tunaung'arisha, tunachora mstari katikati, na tumbo tunalizungushia uzi tu basi. Shida nyingi za hii flai zinaanzia hapo.

Na kama unaweza, tafuta mbawakawa wa kweli. Si kazi, mvua ikikatika jioni wanakuja wenyewe kwenye taa ya nje wanajigonga ukutani. Mtie kwenye hiyo glasi dakika mbili, kisha mtoe umuache aende zake. Wa kwanza niliyemwangalia hivyo alikuwa mweusi, mdogo kuliko punje ya maharagwe. Tumbo lilikuwa limezama lakini mgongo mkavu kabisa, miguu imetanuka inapiga piga, na kila mahali mguu ulipogusa uso wa maji palikuwa na kishimo kidogo kinachometameta. Rangi ya mgongo sikuiona hata kidogo, nilichoona ni kivuli chenye umbo la yai na mwanga umekizunguka. Na miguu yote sita ilitoka nusu ya mbele ya mwili. Nusu ya nyuma haikuwa na mguu hata mmoja. Shika sana hiyo picha, tutairudia.

Trauti, yule samaki wa maji baridi tunayemvua kwa flai hizi, akiwa sentimita 30 chini ya maji anaiona dunia ya juu kupitia duara la upana wa kama sentimita 68 hivi juu ya kichwa chake, nje ya hilo duara uso wa maji kwake ni kioo kinachomwonyesha mawe ya chini ya mto. Kwa hiyo flai ikiwa bado inakuja, cha kwanza anachokiona ni vile vishimo vya miguu na tumbo lililozama, vimejitokeza kwenye kioo. Ukikosea hapo, mgongo uwe mzuri namna gani haukusaidii.

Mimi nafunga nikifikiria mito yetu ya milimani Kenya, Gura, Chania, Thiba, Naro Moru, kule trauti walikoletwa na wazungu toka Uskoti kuanzia 1905. Maji ni madogo, baridi, vichaka vimeinamia mto pande zote mbili na wadudu wanadondoka wenyewe. Ndoano saizi 12 au 14 (namba ikipanda ndoano inakuwa ndogo), foami nyeusi, ile sponji bapa ya plastiki, ya milimita 2, nyuzi za unyoya wa tausi kwa tumbo, na miguu tutaizungumzia. Sasa twende dalili moja moja.

Mgongo unazunguka, mwisho uko ubavuni

Hii ndio namba moja. Shika foami kwa vidole viwili, sukuma pembeni taratibu. Ikizunguka kwenye ndoano, basi umefunga foami juu ya chuma kitupu au juu ya uzi ulioteleza. Foami ina hewa ndani, ukiibana leo, ukishaiacha inaendelea kunywea chini ya uzi, uzi unalegea wenyewe hata kama fundo la kichwa liko imara. Tandika uzi kwanza kwenye kijiti chote cha ndoano, mizunguko ikigusana, halafu rudi nao kwa mizunguko mipana ya kukatana ili kuwe na mikwaruzo, kisha tone dogo la supagluu, dogo kweli, chovya ncha ya sindano ndio uguse nayo. Foami uichonge iwe na ncha kama penseli pale inapoanzia. Mizunguko miwili ya kwanza isiwe na nguvu, ya tatu kaza, ya nne kaza zaidi. Wengi wanakaza ule wa kwanza kwa nguvu zote na foami inajikunja upande wa uzi unakoenda, hapo ndipo mgongo unapotokea umepinda tangu mwanzo na mtu anadhani imezunguka baadaye.

Kama ilikuwa imekaa sawa mezani ikazunguka mtoni baada ya samaki wawili, basi ni gundi ilikosekana, si uzi.

Uzi unakata foami

Unavuta, unasikia tii, foami imebaki vipande viwili. Uzi wako ni mwembamba au umejisokota. Kwa foami tumia 6/0, ule mwembamba wa 8/0 uweke kwa kazi ya kichwa na miguu. Na ujue kila mzunguko unaopiga unausokota uzi kidogo, ukishapiga mizunguko thelathini umekuwa kama waya. Acha bobini, kile kishikio cha uzi, ining'inie, izungushe kinyume cha saa (kwa anayefunga kwa mkono wa kulia), uone uzi unavyolala bapa kama utepe. Uzi bapa unabana, uzi uliosokotwa unakata. Zile nyuzi za kisasa zenye nguvu sana ambazo huwezi kuzikata kwa mkono, usizilete karibu na foami, zinapita ndani kama kisu kwenye siagi.

Anaanguka chali

Itupe mara kumi kwenye beseni toka urefu wa kiuno. Akianguka chali mara mbili au tatu sawa, hata mdudu mwenyewe huanguka hivyo. Zaidi ya hapo, mgongo ni mzito kuliko ndoano. Sababu karibu kila wakati ni rezini, ile gundi angavu inayokaushwa kwa tochi ya mwanga wa yuvi (UV). Mtu anataka lile ganda ling'ae kama la dukani, anaweka tabaka nene, na rezini ikishakauka ni nzito kuliko maji, foami ndiyo inayoibeba. Weka tabaka moja jembamba tu, ulitandaze kwa sindano mpaka uone umbo la foami chini yake. Kama unataka lile kuba la juu, lipate kwa foami yenyewe, ikunje mara mbili, usilijenge kwa rezini.

Ukiwa umepunguza rezini na bado analala chali, angalia miguu. Miguu inatakiwa itanuke pembeni, ndiyo inayomshikilia kama ile miti ya pembeni ya ngalawa. Miguu iliyoinama yote chini ya tumbo haimshikilii na chochote.

Anazama, au anaelea juu mno

Watu wanalalamika la kwanza, la pili hawalioni, na mimi naona la pili ndilo linalopoteza samaki wengi.

Kuzama ni rahisi kujua. Iache kwenye glasi usiku mzima. Ukiikuta chini asubuhi, ichane kwa wembe uangalie. Tumbo la sufu limenyonya maji? Badilisha, weka nyuzi za tausi. Foami imebanwa na uzi kila mahali mpaka imekuwa nyembamba kama karatasi? Ile hewa umeitoa yote, funga sehemu mbili tu, mwanzo wa tumbo na pale kifua kinapokutana na ganda, katikati iachie. Foami ya ndala za zamani nayo inaelea, wengi tulianza nayo, ila ni ngumu na haikunjiki vizuri kwenye ndoano ndogo, itumie kwa saizi 8 na ndoano kubwa kuliko hiyo.

Sasa kuelea juu mno. Kwenye glasi utaona tumbo haligusi maji, flai imesimama kwenye miguu au kwenye manyoya ya shingo ya jogoo kama meza. Nyasi kavu inaelea hivyo, mbawakawa haelei hivyo kamwe, yeye ni mzito, amelala nusu ndani nusu nje. Kama umezungusha unyoya wa jogoo, kata wote wa chini kwa mkasi ubaki bapa na tumbo. Ile flai ya zamani ya Wales, Coch-y-bonddu, ni tumbo la tausi na unyoya wa jogoo mwekundu wenye moyo mweusi, imefungwa kwa ajili ya mbawakawa mdogo anayetoka kule mwezi wa Juni, haina mguu wala ganda, na bado inashika, sababu ikilowa inakaa ndani ya uso wa maji pale pale anapokaa mdudu. Sisi wa flai za uhalisia, zile zinazomwiga mdudu kama alivyo, tukikosa hilo tumekosa lililo kubwa.

Miguu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo uhalisia ulipo na ndipo maswali yanakotoka mengi.

"Imekaa kama kupe." Umeigawa miguu mwili mzima, miwili mbele, miwili katikati, miwili karibu na mkia. Rudi kwenye picha ya glasi. Miguu ya mbele inatoka kwenye kile kipande cha kifua kilicho nyuma tu ya kichwa, ya kati na ya nyuma inatoka kwenye kifua pia, kwa chini, pale ganda linapoanzia. Ukiangalia kwa juu unadanganyika kwa sababu ganda limefunika na mguu wa nyuma ni mrefu unatokeza huko nyuma, ndio maana mtu anaufunga huko. Funga jozi zote tatu ndani ya nusu ya mbele, karibu karibu, halafu zielekeze, ya mbele iangalie mbele, ya kati pembeni, ya nyuma irudi nyuma. Hilo peke yake linabadilisha flai kuliko rangi yoyote.

"Miguu ya nailoni inanyooka." Umeikunja kwa vidole. Nailoni inakumbuka umbo lake la kwanza, lazima joto. Usitumie moto wa kiberiti moja kwa moja, inajikunja kuwa kishanga na inatoa moshi mbaya, pasha ncha ya kibano mpaka ishindwe kushikika, kisha bana pale unapotaka goti, hesabu tatu, achia. Goti litakuwa bapa kidogo na ndivyo lilivyo kwa mdudu pia. Fungua dirisha ukifanya hii kazi.

"Mguu wa unyoya unakatika nikipiga fundo." Unyoya mkavu. Kanga, pheasanti, chochote, ulaze kwenye kitambaa chenye unyevu robo saa kabla ya kufunga fundo, utaona unakunjika bila kulia. Mimi napenda kanga kwa saizi 14, vile vidoa vyake vyeupe kwenye weusi vinafanya mguu uonekane una viungo, na unapatikana sokoni bila shida. Baada ya fundo, gusa goti kwa vanishi nyembamba.

"Samaki anapiga lakini mdomo unateleza." Kama miguu ni ya nailoni nene, yenyewe ndiyo inayozuia, imekuwa uzio kati ya mdomo na ndoano. Miguu ya maonyesho na miguu ya kuvulia si kitu kimoja, ya kuvulia lazima ilale ikiguswa. Bonyeza flai kwenye kiganja, kama miguu inachoma, ni migumu mno.

Anagusa, hanaswi

Tofauti na ya miguu, hii ni ya mwili. Pima nafasi kati ya tumbo na ncha ya ndoano. Ikiwa chini ya nusu ya uwazi wote wa ndoano, yaani kutoka kijiti hadi ncha, umejaza. Foami imeshuka pande zote mbili ikaziba. Kipande cha foami kiwe na upana sawa na uwazi wa ndoano, si zaidi, na tumbo la tausi liwe nyuzi tatu au nne, si kumi. Au nunua ndoano yenye uwazi mpana, mimi ndivyo nimefanya na sijarudi nyuma.

Ganda limekuwa jeupe

Hii imeniuma mwenyewe. Nilikuwa na oda ya mbawakawa weusi, dazeni nyingi, nimezifunga kwa siku nne. Jioni ya mwisho nikapiga supagluu kila mgongo ili ikae milele, nikazipanga kwenye kopo la plastiki, nikafunika kifuniko nikalala kwa furaha. Asubuhi nafungua, migongo yote imepata ukungu mweupe, kama mtu amepuliza unga wa ngano juu yake. Nilifuta na kitambaa, nikapaka mafuta, ukarudi. Nikazituma hivyo hivyo kwa sababu siku zilikuwa zimeisha na mnunuzi akazirudisha zote.

Ule weupe ni mvuke wa supagluu. Gundi ikikauka inatoa mvuke, na kwenye chombo kilichofungwa chenye unyevu unarudi kutua juu ya kila kitu kilicho karibu, kwenye foami nyeusi unaonekana mara moja. Tumia gundi chini ya foami, usiitumie juu ya ganda. Iwe kidogo. Na flai zilizotoka kwenye gundi zikae wazi mezani usiku mzima zikipata hewa, ndipo ziingie kwenye kopo. Kama weupe umeshatokea na si mwingi, tabaka jembamba la rezini linaufunika, ukiwa mwingi tupa ganda ufunge jingine, kulipamba hakusaidii.

Rezini inanata

Washa tochi ya yuvi kwenye karatasi nyeupe, kama mwanga ni hafifu betri imeisha, na hiyo ndio nusu ya kesi zote. Nusu nyingine, kuna mtu anachanganya rangi nyeusi ndani ya rezini, mwanga hauwezi kupita kwenye weusi, juu imekauka ndani ni uji. Weusi utoke kwenye foami, rezini ibaki safi. Na ile hali ya kunata kidogo tu juu wakati ndani ni ngumu, hiyo ni hewa imezuia ngozi ya juu isikauke, pangusa na spiriti kwa pamba na imeisha.

Rangi ya kalamu ikisambaa ukipaka vanishi juu yake, ni kwa sababu vanishi ina dawa inayoyeyusha wino. Chora baada ya vanishi kukauka, au funika na rezini badala yake. Na usiweke rangi ya kucha kwenye ile foami nyeupe ya kufungia televisheni, inayeyuka mbele ya macho yako.

Nyuzi za tausi zimekatika baada ya samaki mmoja

Meno ya trauti. Sokota nyuzi za tausi pamoja na uzi wako kabla ya kuzizungusha, au pitisha waya mwembamba wa shaba juu yake kwa mwelekeo wa kinyume. Kwa wale wanaofunga mtindo wa Crowe wa Pennsylvania, Marekani, mgongo wa nywele za kulungu zilizokunjwa mbele, nywele kupasuka ni kawaida yake, samaki wanne watano zimekuwa mswaki. Tone la gundi inayokunjika juu ya mgongo linaongeza maisha, ila ujue ndio maana wengi walihamia foami.

Mshipi unajisokota

Flai inazunguka hewani kama feni. Ishike kwa nailoni, ule uzi wa mwisho wa mshipi unaofungiwa flai, ivute kwa haraka hewani mbele yako, utaiona. Upande mmoja una miguu mirefu kuliko mwingine au ganda limepinda. Punguza upande mrefu kwa mkasi kidogo kidogo huku ukijaribu tena. Ikishindikana badilisha nailoni ya mwisho iwe nene kidogo, mbawakawa wa saizi 12 kwenye nailoni nyembamba kama utando ni kutafuta shida.

Anakuja, anaangalia, anageuka

Kwanza punguza saizi. Flai ya uhalisia ikiwa kubwa kuliko wadudu wanaodondoka siku hiyo, kila kosa lake linaonekana zaidi. Pili angalia tumbo tena, ukiwa na foami nyeusi tupu chini, ni plastiki na inaonekana plastiki, zile nyuzi za tausi zina kijani na shaba inayocheza na mwanga, na manyoya yake madogo yanashika viputo vya hewa kama tumbo la mdudu wa kweli. Tatu, anavyotua. Mbawakawa hatui kama unyoya, anadondoka, tup, mara nyingi karibu na ukingo, na trauti aliye chini ya kichaka anageukia ile sauti. Ukimtua polepole katikati ya mto umempa samaki muda wote wa kukagua. Tupia karibu na nyasi, baada ya upepo kupita ndio saa yake.

Kama huioni flai yako majini, bandika kipande cha foami ya chungwa juu ya mgongo, kidogo kama punje ya mchele. Samaki haoni huko juu, ni ya macho yako.

Miguu imebonyea kwenye boksi

Boksi lenye vyumba vifupi linalaza miguu na inabaki hivyo. Ya unyoya inaponyeka, chemsha maji ya chai, shika flai kwa kibano juu ya mvuke sekunde tano sita na utaona miguu inafunguka yenyewe taratibu, kisha iache ipoe ikiwa imesimama kwenye kipande cha foami. Ya nailoni usiipeleke kwenye mvuke, yale magoti uliyoyatengeneza kwa joto yanaweza kufunguka kwa joto hilo hilo, hiyo irudishe kwenye vaisi, kile kifaa cha mezani kinachoshika ndoano, ubane upya kwa kibano cha moto, goti moja moja.